Logarithimu ni swali la "tena mara ngapi?"

Huenda msomaji akashangaa kumwona mwanaisimu akijitosa katika hisabati, kana kwamba viambishi na fonimu vimemwishia. Namwomba awe na subira. Ninalotaka kusema leo ni la hisabati kwa mada, lakini kiini chake ni lugha. Wanafunzi wetu wengi hawashindwi na logarithimu kwa kuwa ni ngumu. Wanashindwa kwa sababu hawajaambiwa hata siku moja, kwa maneno wanayoyaelewa, kwamba logarithimu ni jibu la swali gani.

Mwulize mwanafunzi wa kidato cha tatu logi ya 2 ni ngapi. Atafungua kitabu cha majedwali au abonyeze kikokotoo, na mara moja akujibu: 0.3010. Sasa mwulize, hiyo 0.3010 ni nini? Inapima nini? Hapo ndipo kimya kinapotanda. Amefundishwa jinsi ya kuipata, hakufundishwa inasema nini. Ni kama mtu aliyekariri nambari ya simu bila kujua ni ya nani.

Ukosefu huo haumalizikii darasani. Unatoka nje ya lango la shule, unaingia mtaani, na huko unawagharimu watu fedha. Tutazame mtaa mmoja tu, Tena, ulio jirani na Umoja na Donholm katika Eastlands ya Nairobi. Ni mtaa kama mingine ya sehemu hizo: nyumba za ghorofa zilizobanana, maduka barabarani, vyama vya akina mama, wafanyakazi wanaorauka alfajiri kuwahi matatu za kwenda mjini. Chanzo cha jina la mtaa huo tuwaachie wanahistoria. Kwetu sisi walimu wa lugha jina hilo ni zawadi, kwani katika neno hilo moja, tena, mna siri yote ya somo hili.

Tuanze pole pole. Kuzidisha ni jambo linalofahamika hata na mtoto wa shule ya msingi. Chukua 2, zidisha kwa 2, upate 4. Zidisha tena, upate 8. Tena, 16. Tena, 32. Tukihesabu, nambari 2 imetumika mara 5, na hisabati huandika hivyo kwa mkato: 2 yenye kipeo cha 5 ni sawa na 32. Neno kipeo lina undugu na upeo, na hapa limekaa mahali pake: ni ile nambari ndogo iliyopandishwa juu kutuonyesha kuzidisha kumefika wapi.

Sasa tugeuze swali. Tuseme twaijua 2 na twaijua 32, ila hatujui ni mara ngapi 2 imetumika. Swali letu ni hili: tena mara ngapi? Jibu lake ni 5, na jibu hilo ndilo linaloitwa logarithimu. Logarithimu ya 32, kwa msingi wa 2, ni 5. Hakuna uchawi wala fumbo. Vivyo hivyo, majedwali ya shuleni yametungwa kwa msingi wa 10. Yanaposema logi ya 100 ni 2, yanatuambia kwamba 10 ikitumika mara 2 hutoa 100. Yanaposema logi ya 2 ni 0.3010, maana yake ni kwamba ili kuitoa 2 kutoka kwa 10 hatuhitaji hata kipeo kizima kimoja. Chatosha kipeo cha 0.3010, yaani chini kidogo ya theluthi moja. Kumbe ile nambari ilikuwa na maana.

Mwanafunzi aliyeshika swali hilo yuko tayari kutatua mlinganyo ambao nambari isiyojulikana imekaa kwenye kipeo. Mfano mzuri hautoki kitabuni. Unatoka mtaani, kwa wakopeshaji ambao lugha ya Nairobi imewabandika jina la shailoki, jina la mhusika wa Shakespeare katika tamthilia ambayo Mwalimu Julius Nyerere aliifasiri kwa Kiswahili, ikachapishwa mwaka wa 1969 kwa jina Mabepari wa Venisi.

Chukulia mkazi wa Tena amekopa shilingi 10,000 kwa riba ya asilimia 20 kwa mwezi, na riba isiyolipwa huongezwa juu ya deni ili nayo izae riba. Je, deni litafika lini shilingi 20,000? Wengi watajibu haraka: asilimia 20 mara 5 ni asilimia 100, kwa hiyo miezi 5. Jibu hilo si sahihi, na kosa lake linafundisha. Aliyelitoa amejumlisha mahali palipotakiwa kuzidisha. Haba na haba hujaza kibaba, wahenga walisema, na kwa anayeweka akiba kibuyuni walisema kweli, maana haba ya leo na haba ya kesho ni sawa. Lakini deni la riba juu ya riba halikui kwa haba na haba. Haba ya kesho ni kubwa kuliko ya leo, na ya kesho kutwa ni kubwa zaidi. Baada ya mwezi wa kwanza deni ni shilingi 12,000. Baada ya wa pili ni 14,400. Baada ya wa tatu ni 17,280. Baada ya wa nne ni 20,736. Kabla ya mwezi wa nne kwisha, deni limekwisha kuwa maradufu. Na likiachwa mwaka mzima, linapita shilingi 89,000.

Tungetaka kujua lini hasa, tungeandika hivi: 1.2 yenye kipeo cha n ni sawa na 2. Nambari 1.2 ni kile kinachozidishwa kila mwezi, 2 ni maradufu, na n ni idadi ya miezi. Tatizo ni kwamba n imepanda juu, mkono haufiki. Hapa ndipo logarithimu inapofanya kazi yake ya ajabu: inageuza kuzidisha kuwe kujumlisha. Logi ya 1.2 mara 1.2 ni logi ya 1.2 ukijumlisha na logi ya 1.2. Ukizidisha mara tatu, unajumlisha logi tatu. Ukizidisha mara n, unajumlisha logi n, yaani n mara logi ya 1.2. Kwa njia hiyo n iliyokuwa juu imeteremka na kukaa sambamba na nambari nyingine. Sasa mlinganyo wetu ni n mara 0.0792 ni sawa na 0.3010. Gawanya 0.3010 kwa 0.0792, upate takriban 3.8. Deni linakuwa maradufu kwa miezi 3 na siku zipatazo 24, ikiwa riba inahesabiwa hata kwa sehemu ya mwezi. Ikiwa inahesabiwa mwisho wa mwezi tu, jibu ni mwezi wa nne.

Walimu wa hisabati watakubaliana nami kwamba hatua hiyo ya mwisho ndipo wanafunzi wengi wanapojikwaa. Badala ya kugawanya logi moja kwa nyingine, wanatoa moja kutoka kwa nyingine, kwa sababu waliwahi kukariri kwamba "logi ya mgawanyo ni tofauti ya logi". Hivyo wanachukua 0.3010, wanaondoa 0.0792, na kuandika 0.2218 kwa kujiamini kabisa. Kisha wanapiga mstari chini ya jibu na kwenda swali linalofuata. Lakini 0.2218 ya mwezi ni kama siku 7. Je, kuna deni la asilimia 20 kwa mwezi linaloongezeka maradufu kwa juma moja, ilhali baada ya mwezi mzima lingali shilingi 12,000? Mwanafunzi anayejua kwamba swali lake ni "tena mara ngapi?" angelikataa jibu hilo papo hapo. Asiyejua hana cha kulipimia. Kanuni ameikariri kama dua ya lugha asiyoielewa, na dua ya namna hiyo haina wa kuisahihisha.

Ni vyema wanafunzi wajue pia kwamba swali hili ni kongwe kuliko chombo chenyewe. Mwaka wa 1494, huko huko Venice, mtawa na mwanahisabati Luca Pacioli alichapisha kitabu kilichotaja kanuni ya wafanyabiashara: gawanya 72 kwa kiwango cha riba, nawe utapata takriban muda ambao fedha zitakuwa maradufu. Kwa riba ya asilimia 8 kwa mwaka, 72 gawanya kwa 8 ni miaka 9. Logarithimu nazo hutoa jibu hilo hilo, kasoro kidogo sana. Kwa asilimia 20 kanuni hiyo inatoa 3.6, nasi tumepata 3.8, si mbali. Logarithimu zenyewe hazikutangazwa hadi mwaka wa 1614, zaidi ya karne moja baadaye, na John Napier wa Scotland, ambaye alitaka kuwapunguzia wanafalaki mzigo wa hesabu ndefu. Henry Briggs wa London alisafiri hadi Edinburgh kuonana naye, na mwaka wa 1617 akatoa majedwali ya kwanza ya msingi wa 10, babu wa haya tunayoyatumia. Neno lenyewe alilibuni Napier kutokana na maneno mawili ya Kigiriki: logos, lenye maana ya uwiano na pia neno, na arithmos, nambari. Basi hata jina la chombo hiki limebeba lugha tangu kuzaliwa kwake.

Anayedhani kwamba haya ni mambo ya mtihani tu na azitazame sheria zetu. Marekebisho ya Sheria ya Benki yaliyopitishwa nchini Kenya mwaka wa 2006 yaliweka kikomo: mkopo wa benki ukishashindwa kulipwa, riba inayoweza kudaiwa tangu hapo haiwezi kuzidi kiasi cha mkopo kilichokuwa kimebaki wakati huo. Kwa maneno mengine, sheria inasema deni hilo likifikia maradufu, lisimame. Huo ni msaada mkubwa kwa mdaiwa anayeujua. Lakini sheria haisemi maradufu hayo yanafikiwa lini; hilo ni kazi ya logarithimu. Kwa riba ya asilimia 15 kwa mwaka, gawanya 0.3010 kwa 0.0607, upate karibu miaka 5. Linganisha na ile miezi isiyotimia 4 ya shailoki, ambaye kikomo hicho cha benki hakijali. Mwananchi anayeweza kuzilinganisha nambari hizo mbili hahitaji kuhubiriwa juu ya hatari ya mikopo ya haraka. Amekwisha kujionea mwenyewe.

Tazama pia jiji lenyewe. Sensa ya mwaka wa 1999 iliwakuta Nairobi watu milioni 2.1. Ile ya 2009 iliwakuta milioni 3.1, na ya 2019 milioni 4.4. Kwa muda wa miaka 20, jiji limejizidisha kwa 2. Kati ya sensa hizo mbili za mwisho ongezeko lilikuwa la asilimia 3.4 hivi kwa mwaka. Gawanya logi ya 2 kwa logi ya 1.034, nawe utapata karibu miaka 21. Maana yake ni kwamba, kasi hiyo isipobadilika, mwaka wa 2040 utalikuta jiji na watu wanaokaribia milioni 9. Sisemi kwamba ndivyo itakavyokuwa, kwa kuwa kasi ya ongezeko hubadilika, na hisabati haitabiri bali hutuonyesha tunakoelekea tukishika njia ile ile. Hata hivyo, mkazi wa Tena au Kayole ambaye leo anangojea maji ya mfereji kwa zamu ana haki ya kumwuliza kiongozi wake: mabomba haya, mitaro hii na madarasa haya mmeyapangia watu wa mwaka gani? Hilo ni swali la uraia, na limejengwa juu ya mlinganyo wa kipeo.

Sasa turudi kwenye lugha. Tume ya Mackay ya mwaka wa 1981 ndiyo iliyozaa mfumo wa 8-4-4, na kwa mfumo huo Kiswahili kikawa somo la lazima lenye kutahiniwa. Katiba ya mwaka wa 2010 ikakiinua zaidi kikawa lugha ya taifa na pia lugha rasmi, pamoja na Kiingereza. Yote hayo ni ya kushukuriwa. Lakini tumekifanya Kiswahili kuwa somo, hatukukifanya kuwa chombo cha kujifunzia masomo mengine. Kinaingia darasani kwa kipindi chake, kinazungumzia ngeli na methali, kengele inalia, kinatoka. Mwalimu wa hisabati akiingia, mlango unafungwa, na kijana ambaye tangu asubuhi amewaza, amebishana na kununua mandazi kwa Kiswahili anatakiwa kufikiri kwa lugha nyingine.

Wenzetu wa Tanzania walikifanya Kiswahili kuwa lugha ya kufundishia katika shule za msingi mwaka wa 1967, na kutokana na hatua hiyo tuna mlinganyo, kipeo, kipeuo, asilimia, sehemu na istilahi nyingine nyingi. Hata hivyo, nao katika shule za sekondari hufundisha kwa Kiingereza, na logarithimu ni somo la sekondari. Ndiyo maana pande zote mbili za mpaka mada hii imebaki yatima wa lugha. Wala sisemi kwamba istilahi tulizo nazo hazina dosari. Kipeo na kipeuo, kwa mfano, zimetengwa na irabu moja tu, ilhali moja inapandisha na nyingine inarudisha nyuma hadi kwenye shina. Mwalimu asipokuwa mwangalifu atawachanganya wanafunzi. Lakini dosari kama hizo hurekebishwa kwa kutumia lugha, si kwa kuifungia kabatini.

Najua hoja zitakazotolewa. Ya kwanza ni kwamba mtihani ni wa Kiingereza, hivyo kufafanua kwa Kiswahili ni kumpotezea mwanafunzi muda. Hoja hii inachanganya lugha ya kujibia na lugha ya kuelewea. Mwanafunzi aliyeelewa kwamba swali ni "tena mara ngapi?" ataliandika jibu lake kwa lugha yoyote anayotakiwa, kwa sababu alama za hisabati ni zile zile. Asiyeelewa hataokolewa na Kiingereza chake, hata kiwe fasaha namna gani.

Hoja ya pili ni kwamba vikokotoo vimekuja, basi logarithimu za nini? Kweli, hakuna anayelazimika leo kuzidisha nambari ndefu kwa majedwali, na kazi hiyo aliyoikusudia Napier imekwisha. Lakini kikokotoo hujibu kinachoulizwa. Hakiwezi kumwambia mkopaji ni swali gani la kuuliza, wala hakitamkataza kuondoa mahali pa kugawanya. Chombo kinapozidi kuwa chepesi, ndipo anayekishika anapotakiwa kuwa mzito wa fikira.

Hoja ya tatu ni nzito zaidi, nayo ni kwamba mwalimu wa hisabati ana wanafunzi wengi na silabasi ndefu. Hilo silipingi. Ninachoomba hakihitaji kipindi kipya wala kitabu kipya. Kinahitaji dakika tano mwanzoni mwa mada, na sentensi moja ya Kiswahili ubaoni kabla ya kanuni yoyote kuandikwa. Kwa kuwa mtaala wa umilisi unachukua nafasi ya 8-4-4, na wenye kuutetea wanasema lengo lake ni mwanafunzi aweze kutumia anachokijua, huu ndio wakati wa watunga vitabu kulizingatia jambo hili.

Walimu wa Kiswahili nao wasikae kando wakitazama. Istilahi za hisabati ni sehemu ya lugha sawa na tashbihi na tanakali. Nini kinachomzuia mwalimu wa Kiswahili kuwapa wanafunzi ufahamu unaohusu riba na mikopo, au insha ya kumweleza mkazi wa mtaani namna deni linavyokua? Mwanafunzi anayeweza kulieleza jambo hilo kwa Kiswahili sanifu, bila kutumia alama hata moja, amelielewa kuliko aliyekariri kurasa kumi za kanuni.

Nanyi wanafunzi, mkianzia na wale wa Tena na mitaa jirani, nawapa zoezi moja. Mwulizeni mzazi, jirani au mwanachama yeyote wa chama: akiba inayoongezeka kwa asilimia 10 kila mwaka, bila kuguswa, itakuwa maradufu baada ya miaka mingapi? Wengi watawaambia 10. Ninyi kaeni chini, mgawanye 0.3010 kwa 0.0414, mpate miaka 7 na miezi 3 hivi, kisha mwaeleze kwa Kiswahili kwa nini ni 7 wala si 10. Mkiweza kumfanya mama muuza mboga akubali, si kwa kuwa mmesoma bali kwa kuwa ameona mwenyewe, basi logarithimu mmezijua, na mtihani hautawatisha.